Kiganja Ukutani

Sogeeni, wajukuu, na masikio yenu myalete! Nyuma ya soko letu, kichakani, kuna boma la vita lililoachwa. Kiangazi kimoja visima vyote vilikauka ila kisima cha humo, na mlangoni lilikaa zimwi.

Akaenda mwindaji. "Boma la nani hili?" likanguruma zimwi.

"La mfalme!" Akamezwa.

Akaenda askari. "Boma la nani hili?"

"La jemadari!" Akamezwa.

Akaenda Somoe, fundi wa kukandika nyumba. "Boma la nani hili?"

Somoe akapapasa ukuta, akakuta alama ya kiganja, kama wanawake wa kwetu waachavyo wakimaliza kukandika.

"La bibi yangu," akasema. "Alilikandika huku akichapwa."

Zimwi likapiga magoti. "Karibu, mwenye nyumba."

Tangu hapo tunateka maji bomani, wala hatupigi hodi. Nani hupiga hodi kwake?