Swali la Jumbe Mbwela

"Nani anapinga?" aliuliza Jumbe Mbwela, na baraza zima likainama kutazama vidole vya miguu.

Ndivyo alivyokula kuku na kondoo wa kijiji kizima. Kwa sheria yake, asiyesema "napinga" papo hapo amekubali, na kila mtu alimsubiri jirani yake aanze. Leo zamu ilikuwa ya mbuzi wa Sikudhani, mjane ambaye wanawe walinyweshwa maziwa ya mbuzi huyo.

"Mchukue, Jumbe," alisema Sikudhani, akapiga goti na kufunua sahani. "Ila nyama yake huliwa na kiazi kikuu. Onja kwanza. Au wakubwa hawali mbele za watu?"

"Wakubwa ndio walaji!" Jumbe alicheka, akabugia kipande kizima.

Kiazi kilikuwa kimepoa nje tu. Ndani kilikuwa bado kinafuka. Mashavu yakamtuna Jumbe, machozi yakamtoka. Ateme mbele ya watu wake? Aibu! Ameze? Moto!

Sikudhani akasimama. "Jamani, Jumbe analia kwa huruma! Basi tumwache mbuzi wangu, tuchinje beberu wake mwenyewe. Nani anapinga?"

"Mmmh! Mmmh!" aliguna Jumbe, kichwa kikipanda na kushuka.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyepinga.

Jumbe alipofanikiwa kumeza, neno lilikuwa limeshapita.

"Wewe mwanamke!" alifoka kwa ulimi uliobabuka.

"Abee, Jumbe. Beberu wako ana pembe kali. Tafadhali nishikie kamba."