Kikohozi cha Mzee Nangumbi

"Kikohozi cha mwenzio hakisafishi koo lako." Mmelisikia neno hilo leo harusini, alipoambiwa yule mshereheshaji aliyeiga sauti ya mtu wa redio mpaka akakwama. Mmecheka, halafu mkaja kuniuliza limetoka wapi. Mimi nililikuta Newala, kwenye banda la korosho, na chanzo chake kilikuwa hivi.

Katika banda hilo wanawake ishirini walikaa kutwa wakibangua korosho. Kazi hiyo ina adha yake. Ganda lina mafuta yanayochoma, kwa hiyo mikono hupakwa majivu, na macho hayabanduki kwenye rungu, la sivyo unajiponda kidole. Kinachobaki huru ni masikio. Na masikio yao yalilishwa na redio ya kaseti iliyotundikwa nguzoni. Ndani ya kaseti alikuwamo marehemu Mzee Nangumbi, akisoma hadithi ya kale ya Jitu la Mlima wa Chumvi, jitu lililoiba vivuli vya watu, na msichana aliyepanda mlima kukidai kivuli cha kaka yake. Waliisikiliza mwaka hata mwaka. Walijua mpaka mahali anapovuta pumzi.

Siku moja redio ikala kaseti. Utepe ukatoka kama utumbo wa kuku, ukakatika palepale jitu linapofungua mlango.

Sasa, palikuwa na binti aitwaye Asumini. Viganja vyake vilikuwa vimechunika kwa mafuta ya korosho, na mganga wa zahanati alikwisha kumwonya: akiligusa ganda tena, vidole vitakunjamana visikunjuke. Nyumbani alikuwa na mama asiyeinuka kitandani. Lakini alijua kusoma, na daftari alilosomea Mzee Nangumbi lilikuwapo. Wanawake wakasema, haya, asome yeye.

Desturi yao, tangu Mzee Nangumbi mwenyewe akikaa pale kabla ya kaseti, ilikuwa hii: msomaji habangui. Kazi ikiisha, kila aliyependa usomaji humtilia konzi moja ya korosho kikapuni. Asiyependa hupita. Siku ya tatu kikapu kikiwa kitupu, msomaji ashike rungu au ashike njia.

Siku ya kwanza Asumini alisoma kwa moyo wake wote.

"We mwanangu, unakimbilia wapi?" akauliza Binti Chilumba, mwanamke mnene aliyekaa karibu na mlango. "Kuna simba nyuma?"

Akapunguza mwendo.

"Ah! Sasa umetulaza," akasema mwingine. "Na hilo jitu mbona linaongea kama karani? Mzee Nangumbi akilileta jitu, mtu unabana mapaja!"

Akanguruma. Wakaangua kicheko. Kikapuni zikaingia konzi tatu. Siku ya pili alimtii kila mtu, akaharakisha kwa huyu, akavuta kwa yule, sauti ya msichana akaitolea puani, na hadithi ikawa shuka inayovutwa na watu wanne. Ikaingia konzi moja, ya huruma.

Alfajiri ya siku ya tatu aliomba kipande cha kaseti kilichosalia, akakisikiliza peke yake. Akagundua jambo! Kila jitu lilipotaka kusema, Mzee Nangumbi alikohoa kwanza, mara mbili, kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa. Kumbe ufunguo ndio huo. Akajizoeza njia nzima ya kwenda bandani, akikohoa mpaka mbuzi wa watu wakamkimbia.

Akasoma. Msichana wa hadithini akafika mlangoni pa jitu. Mlango ukafunguka. Asumini akajaza kifua, akakohoa mara mbili.

Rungu moja likaanguka chini.

Alikuwa Bi Somoe, mjane wa Mzee Nangumbi. Siku zote hizo hakuwa ametoa maoni hata moja.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, bibi?"

"Hicho ulichokifanya. Rudia, nikusikie vizuri."

 Asumini alihisi viganja vinawaka, kana kwamba vimekwisha kurudishwa kwenye maganda.

"Mlidhani ni jitu," Bi Somoe akawaambia wote. "Kile kilikuwa kifua. Alisoma akiwa na kitambaa mkononi, na kitambaa nilikifua mimi, nikaiona damu. Ninyi mkisikia jitu linakuja, mimi nilisikia mume wangu anakwisha." Kisha akamgeukia Asumini. "Yeye alikohoa kwa sababu koo lilimziba. Wewe, lako limezibwa na nini? Kikohozi cha mwenzio hakisafishi koo lako. Soma, au chukua rungu."

Asumini akatazama daftari. Alitaka kunguruma, sauti ikagoma. Koo lilikuwa kavu kwa aibu na hofu, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono tu. Basi jitu likanong'ona. Lilimwita msichana kwa jina, taratibu, kama mtu aliyemngoja tangu hajazaliwa, likamwuliza, "Umekuja kuchukua kivuli, au kuleta chako?"

Wanawake wakainama mbele wapate kusikia. Hata Mzee Nangumbi, Mungu amrehemu, alikuwa akisikilizwa huku marungu yakigonga. Sasa palikuwa kimya, mpaka korosho zikaungua kwenye kikaango na mkaangaji hakunusa.

Kazi ilipokwisha, kikapu kilikuwa bado kitupu. Asumini alikishika, akakosa pa kutazama. Bi Somoe akatangulia, akatia konzi yake.

"Jitu la mume wangu nililizoea," akasema. "Hili lako naliogopa. Kesho uje mapema."

Wengine wakapanga mstari nyuma yake. Binti Chilumba akawa wa mwisho, akatia konzi huku akinung'unika, "Bado anakimbia kidogo."

Tangu siku hiyo banda zima likawa linasema hivyo kwa kila anayejivika sauti isiyo yake, na wapita njia kama mimi tukalibeba neno mpaka huku. Yule mshereheshaji wenu hakutukanwa. Ameambiwa arudi, safari hii aje na koo lake, maana kikohozi cha mwenzio hakisafishi koo lako.