Gunia la Heshima

Mwalimu mmoja alikuwa na gunia la mahindi, nalo lilipungukiwa debe moja kujaa. Jina lake Leokadia, mwalimu wa hisabati katika sekondari ya kata, mwanamke mgeni aliyehamia milimani miaka sita nyuma na kupendwa na watu. Kijiji kile kilikuwa na nyumba sitini na ghala moja. Baada ya mavuno kila nyumba ilileta gunia moja la mahindi mapya, ghala likafungwa, na mlango ukazibwa kwa udongo usiguswe hadi katikati ya Januari, wakati vihenge vya nyumbani vimebaki vumbi na mahindi ya shambani bado ni majani. Hapo ndipo walipofungua na kula. Kabla ghala halijajengwa, Februari ulikuwa mwezi wa kuzika watoto, na waliokumbuka hawakupenda kuusimulia.

Desturi ilikuwa gunia la kwanza liwe la mgeni. Liliwekwa chini kabisa, katikati, na mengine yote yakapangwa kulizunguka na kulilalia. Waliliita gunia la heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema kila mwaka wakilibeba, na mwaka huu waliposema hivyo Leokadia alitazama pembeni.

Shamba lake lilikuwa limemwangusha. Jikoni alikuwa na debe la mahindi ya mwaka jana na masalia kidogo, na desturi ilitaka gunia jipya lililojaa. Alimimina debe lile juu ya mapya, akakoroga kwa mkono. Dumuzi wawili walitokeza ukingoni, wakasimama kidogo kama watu wanaosikiliza, kisha wakazama ndani. Aliwatafuta kwa vidole asiwapate. Akajiambia kwamba wadudu wawili katika magunia sitini si kitu, akashona mdomo wa gunia.

Yale masalia hayakupotea. Leokadia alikuwa mwalimu hodari, na wakati ule kidato cha nne walikuwa wanaanza somo la vipeo, yaani mambo yanayokua kwa kuzidishwa na si kwa kujumlishwa. Aliwaeleza jinsi homa inavyopita kutoka nyumba hadi nyumba, jinsi chachu inavyoinua unga, jinsi watu wa nchi wanavyoongezeka. Kisha akaleta chupa kubwa ya kioo yenye punje elfu mbili, walizozihesabu wenyewe, akatia ndani dumuzi wawili mbele ya macho yao. Kila Ijumaa walihesabu. Wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane, karibu sawasawa na fomula ya ubaoni, na darasa likafurahi kuona hesabu ina miguu.

Lakini kwa kuitazama tu, wiki nyingi chupa haikuonyesha kitu. Wiki ya sita ungeweza kuitikisa usione zaidi ya punje nzuri za manjano. Wiki ya nane waliokaa mbele walisikia mlio mwembamba, wakaomba kuhamia nyuma. Wiki ya kumi hapakuwa na punje isiyotobolewa. Wadudu walipanda kioo, wakaanguka chali katika unga wao wenyewe, wakapanda tena. Jumatatu iliyofuata mlio ulikuwa umekoma.

Siku hiyo Leokadia aligeuka kutoka ubaoni akakuta msichana mmoja amesimama. Aliitwa Atuganile, mtoto mpole ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Samahani mwalimu," alisema. "Mahindi ya chupani ni ya mwaka jana. Yaliyobaki uliyapeleka wapi?"

Leokadia alimwambia akae chini. Akafuta ubao, ingawa darasa lilikuwa halijamaliza kunakili.

Jioni ile alipiga hesabu mezani kwake. Gunia moja lina punje kama laki tatu, magunia sitini ni milioni kumi na nane. Wadudu ghalani, ikiwa hesabu ya chupa ndiyo yao, walikuwa hawajafika elfu tano. Ungeingiza mkono katika gunia lolote usitoe hata mmoja. Wiki ile kazi ingekuwa ndogo, kulitoa gunia la heshima na yaliyoligusa, kuyaanika juani, kuyachekecha, kuyarudisha. Alichotakiwa kufanya ni kusema tu.

Lakini aliyeomba ghala lifunguliwe kabla ya siku yake alipaswa kutaja nyumba yenye kosa. Gunia la nyumba hiyo lilitolewa na kuachwa njiani, na kwa mwaka mzima hapakuwa na mtu wa kwenda kuomba moto kwao. Leokadia aliogopa. Sitaki mumcheke, kwa maana kila mmoja wetu ana kitu chake cha kukiogopea. Aliyatazama makaratasi, akaona mstari wa grafu umelala chini kabisa, karibu unagusa sifuri, akaufurahia. Bado ni kidogo, alijiambia. Wiki iliyofuata alijiambia vilevile, ila kwa shida kidogo zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na wadudu wa kutaja na pia wiki moja ya kunyamaza. Ndivyo ilivyokwenda. Kila wadudu walipoongezeka maradufu, aibu nayo iliongezeka kwa kiasi kilekile, na hakuwahi kuiandikia fomula.

Novemba wanafunzi walifanya mtihani. Walitoka wakicheka, wakamwambia swali la vipeo lilikuja na wote wamelimaliza. Wakatawanyika makwao, Atuganile naye akaenda kwa shangazi yake mbali, na kijijini akabaki mtu mmoja tu aliyejua.

Mvua za kwanza zikashuka na ukungu na baridi. Ghala lilitunzwa na mwanamke aitwaye Mama Sekela, ambaye magoti yake yalimsumbua wakati wa baridi. Wiki ya kumi na tisa alikuja kukaa chini ya ukuta wa ghala kuchambua maharage, akaegemea, akahisi mgongo umepata joto. Aliweka kiganja. Ukuta ulikuwa na joto la mwili wa mtu. Akawaita majirani, nao wakagusa mmoja mmoja, wakaguna. Mama Sekela alisema ghala linaatamia kama kuku, kwamba mwaka huu Mungu amekaa humo ndani na chakula chao. Habari ikaenea. Akina mama wenye watoto wa kikohozi walikuja asubuhi na kuwaegemeza pale. Wengine waliweka sikio ukutani, wakasema wanasikia mvua nyembamba inanyesha ndani, wakatabasamu.

Leokadia alipita akawaona wamepangana ukutani, watoto na wazee, nyuso zimetulia, wamefumba macho. Watoto walimwamkia. Aliitikia, akaharakisha nyumbani kwenye makaratasi yake, kwani alijua joto lile ni la wadudu.

Wiki ya ishirini, kwa hesabu yake, punje moja katika kila tisa ilikuwa imekwenda. Wiki ya ishirini na moja karibu robo. Robo tatu zipo salama, alijiambia, na akashangaa kwamba sauti yake ilikuwa ya kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leokadia aliijua methali hiyo na aliwahi kuwaandikisha watoto insha juu yake. Wiki ya ishirini na mbili alipata karibu nusu. Hapo akavaa khanga, akaenda.

Alimkuta Mama Sekela ameegemea mahali pake, akamweleza yote, debe na wale wawili na chupa. Mama Sekela aliondoa mgongo wake ukutani taratibu, kama mtu anayejitoa kitandani kwa mgonjwa, akasimama bila kujishika magoti.

Mkutano uliitwa saa ileile. Leokadia alisema mbele ya watu, akingoja waamue gunia lake litolewe na kuachwa njiani. Hawakuamua hivyo. Mwanamume mmoja alisema kwamba mwalimu amewasomeshea watoto miaka sita, na kwamba hata kwake kuna mahindi ya zamani. Mwingine akakiri hivyohivyo. Wanawake walimshika mabega. Leokadia alilia kwa mara ya kwanza tangu mavuno, na nawaambia kweli, hakuna utamu unaofanana na huo.

Basi wakaja kwenye jambo lenyewe. Sheria ya ghala ilitaka nyumba zote sitini ziwepo mlango unapovunjwa, na wengi walikuwa bondeni kwenye mpunga, mwendo wa siku tatu. Wangetumiwa ujumbe, wangefika Ijumaa ijayo. Je, mahindi yangengoja? Mzee Kajuni, aliyekuwa mwenyekiti, mtu mwenye busara zake, alipiga hesabu kwa vidole. Wadudu wamekula nusu kwa wiki ishirini na mbili. Kuimaliza nusu ya pili itawachukua tena wiki ishirini na mbili. Hata wakichachamaa, wiki moja watakula nini, kikapu? Watu wakashusha pumzi. Mwingine akacheka kidogo.

"Ndivyo, mwalimu?" Mzee Kajuni aliuliza kwa upole.

Wote walimgeukia. Mikono ya wanawake ilikuwa bado mabegani mwake. Aliona nyuso zote zilizomsamehe dakika ile, na akajua kwamba neno moja litazigeuza, kwamba itabidi awaombe wavunje sheria yao pia, leo, kwa ajili ya kosa lake. Alikuwa amechoka na aibu kama punda aliyechoka na mzigo. Akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa walikusanyika wote. Udongo ulivunjwa, mlango ukafunguliwa, na mwanga ulipoingia ule mlio wa mvua ukakatika ghafla. Magunia yalisimama yamepangwa vizuri, yamejaa kwa macho. Kijana mwenye nguvu aliinama akalikumbatia la kwanza, akalinyanyua kwa nguvu ya gunia zima, akaanguka nalo chali, kwa kuwa halikuwa na uzito. Lilipasuka juu yake. Unga mwepesi ukapanda mpaka darini, na chini ya unga sakafu yote ikaanza kutembea kuelekea mlangoni, kwenye miguu yao. Walirudi nyuma bila kupiga kelele. Kisha Februari ikaja.

Watu wa milimani wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema ghala lilikwisha wiki ya mwisho, Mzee Kajuni alipohesabu kwa vidole. Wapo wanaosema ni siku msichana alipoambiwa akae chini. Leokadia mwenyewe, anayefundisha bado, hasemi. Nanyi mlio na kitu kidogo mlichokiacha kwa sababu bado ni kidogo, nawauliza: ghala lile lilikwisha wiki gani?