Kengele ya Bwana Kaoneka

Mpiga kengele huzeeka kabla ya tarishi.

Nimeyasema maneno hayo sasa hivi kwa sababu nimemwona mjukuu wangu Ramla akimpigia simu Heri amletee kalamu, na Heri mwenyewe amekaa meza ya tatu kutoka kwake, humu humu ofisini. Mmecheka, halafu mmeniuliza tarishi ni mdudu gani na methali hiyo nimeiokota wapi. Sikuiokota popote. Ilizaliwa mbele ya macho yangu, hatua sita kutoka kwenye mashine yangu ya kupiga chapa. Kaeni niwaeleze. Au tuseme simameni, maana kukaa mmekaa tangu asubuhi.

Chanzo chake kilikuwa hivi. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya ardhi ya mji mmoja wa milimani, huko Usambara. Mkuu wetu alikuwa Bwana Kaoneka, ambaye mwaka wa kisa hiki alitimiza miaka arobaini na moja. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Ukimtajia kiwanja chochote cha wilaya ile, alikuambia kinapakana na cha nani upande wa mlima na upande wa mto. Kazi aliipenda kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

Tarishi wetu aliitwa Mzee Hoza. Tarishi, enyi watoto wa intaneti, alikuwa mtu wa kutumwa ofisini: apeleke mafaili, alete barua kutoka posta, achemshe chai. Hoza alivaa kaptula ya kaki na viatu vya tairi, na kila jambo aliloambiwa aliliitikia, "Naam, Bwana Mkubwa."

Mezani kwa Kaoneka palikuwa na kengele ndogo ya shaba yenye mpini wa mti. Ikilia mara moja, Hoza alete faili. Mara mbili, chai. Mara tatu, afunge dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mkuu. Nilizipima mwenyewe siku moja alipokuwa safarini. Hata wakulima waliokuja na kesi zao za mipaka hawakuonana naye. Walingoja barazani, Hoza akaingia na swali lao, akatoka na jibu, akaingia tena. Kaoneka alifika saa moja na nusu, akaketi, na kiti hakikumwona mgongo mpaka saa tisa na nusu.

Miaka ikaenda. Mgongo ukaanza kumuuma, miguu ikamvimba ifikapo mchana. Usingizi ukamkimbia, na mtu asiyelala mnamjua alivyo. Ugomvi wote wa mipaka ya wilaya ulikuwa umejazana ndani ya kifua chake, hauna pa kutokea, ukawa unatutokea sisi. Siku moja alinichania barua ya kurasa nne kwa sababu ya mkato mmoja. Nilikwenda chooni nikalia, na sioni haya kulisema.

Ndipo akaenda hospitali. Daktari Luvanda alimpima akakuta shinikizo la damu liko juu sana. Akampa vidonge, akamwambia, "Na mwili uutembeze. Nitakupima tena baada ya miezi miwili. Hali ikiwa hii hii, itanibidi niandike ustaafishwe kwa ugonjwa."

Kaoneka alirudi amepauka. Aliniambia, "Nambua, mimi bila ofisi hii ni nani?" Siku hiyo nilimhurumia kweli.

Lakini mtu mwenye akili akikosea, hukosea kwa akili zake zote. Yeye alijiambia kwamba kinachomwua ni uchovu, na dawa ya uchovu ni kupumzika. Basi akazidi kukaa. Aliletewa kiti kipya chenye mto. Kengele ikalia mpaka kwa kuokotewa kalamu. Tena akanunua kengele ya pili, akaipeleka nyumbani, awe anamwita mkewe kutoka kitandani. Mama Sechonge aliivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliitupa shimo la choo akasema, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na shule." Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya mchicha.

Miezi miwili ikatimia. Ikaangukia siku ile ile ambayo Mzee Hoza naye alitakiwa hospitali, maana alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano na ilibidi apimwe kabla ya kustaafu. Kaoneka alipanda Land Rover ya ofisi, ambayo ilikuwa lazima izunguke mlima mzima kwa barabara ya magari. Hoza alikata kwa njia ya miguu kupitia katikati ya miti ya misindano. Gari lilipofika, yeye alikuwa ameshakaa kwenye benchi anazungumza na watu. Kaoneka akapanda ngazi za hospitali, kumi na mbili tu, akafika juu akihema huku ameshika ukuta.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Hoza, na Kaoneka mwenyewe hakuyakana.

Muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa binti mgeni, hajamjua mtu hapo mjini. Alimwona Kaoneka, akamkimbilia kumshika mkono.

"Shikamoo, mzee," akasema. Kisha akamgeukia Hoza. "Habari yako, kaka? Hebu mpishe mzee akae."

Hoza akasimama mara moja. Kaoneka alikuwa hana pumzi ya kubisha, akakaa.

Yule binti akatazama karatasi zake mbili. "Anayestaafu ni wewe, mzee, sivyo? Pole kwa kazi. Na wewe kaka, ndiye mkuu wa ofisi ya ardhi? Subiri kidogo, wazee kwanza."

Barazani palikuwa na watu kumi na tano, na nusu yao walikuwa na kesi za mipaka. Hakuna aliyecheka. Kaoneka alisema baadaye kwamba wangecheka ingekuwa nafuu.

Daktari alipowapima, damu ya Hoza ilikuwa inakwenda kama ya kijana. Ya Kaoneka ilikuwa imepanda zaidi. Daktari Luvanda akavua miwani. "Huyu ninayemwandikia akapumzike hana haja ya kupumzika," akasema. "Na wewe unayetaka kubaki huwezi kubaki hivi. Nakupa mwezi mmoja, Kaoneka. Mmoja tu."

Walipotoka nje, dereva alikuwa amefungua mlango wa gari. Kaoneka akamwambia aende zake. Akateremka kwa njia ya miguu nyuma ya Hoza, polepole, akishika miti. Walipofika katikati akaita.

"Mzee Hoza, unakunywa dawa gani?"

"Dawa ya nini, Bwana Mkubwa?"

"Usinizungushe. Umenizidi miaka kumi na minne, na binti wa watu anakuita kaka."

Hoza akasimama kumngoja. "Unanigongea kengele mara ngapi kwa siku?"

"Sijui. Mara kumi?"

"Ijumaa nilitia punje za mahindi mfuko wa kulia. Kila kengele ikilia, nahamishia moja mfuko wa kushoto. Jioni nilikuta arobaini na tatu."

"Sasa unanisuta."

"Sikusuti. Nakushukuru." Hapo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Hoza hakumwita Bwana Mkubwa. "Miguu hii ni yako, mwanangu. Kila ulipogonga, mimi ndiye niliyeinuka. Nilipishana na watu, nikasikia upepo, nikacheka na wauza ndizi, nikarudi. Wewe ukabaki na mafaili. Afya yako umenipa mimi miaka kumi na mitatu, na mimi sikujua kama nakunyang'anya."

Kaoneka akaendelea kuteremka mpaka walipofika chini sokoni. Hapo akasema, "Umebakiwa na mwezi mmoja kazini. Na mimi nimepewa mwezi mmoja. Kuanzia kesho kengele ishike wewe."

Hoza alidhani ni mzaha. Hata mimi, asubuhi nilipoikuta kengele kwenye meza ndogo ya tarishi karibu na mlango, nilidhani mkuu amechanganyikiwa. Saa mbili ikagonga. Hoza akaitazama kengele, akatutazama sisi, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kinyonga, akaitikisa.

Kaoneka akainuka. Alikwenda kwenye kabati akatafuta faili lake mwenyewe. Lilimchukua robo saa, kwa kuwa hakujua mafaili yanakaa wapi katika ofisi yake mwenyewe.

Siku ya kwanza tulijiziba midomo. Siku ya pili mji mzima ulikuwa unacheka. Lakini Hoza hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Kengele ikilia mara moja, Kaoneka afuate faili. Mara mbili, ajipikie chai, na atuletee na sisi. Mara tatu, atoke barazani akaonane na wakulima. Mkuu akiwa amezama katika karatasi, uso umekunjamana, mishipa imetoka, ndipo Hoza alipoitikisa kwa nguvu zaidi. "Naam, Mzee Hoza," Kaoneka aliitika, na ilimchukua wiki nzima kulitamka neno hilo bila kuuma meno.

Wiki ya pili alikuja mkaguzi kutoka mkoani, bila taarifa. Alimkuta tarishi ameshika kengele na mkuu wa ofisi amesimama mlangoni na birika. Nilijua hapo ndipo mambo yatakapoharibika.

"Kuna nini hapa?" mkaguzi akauliza.

"Ninatumwa," Kaoneka akajibu. "Karibu chai."

Mkaguzi akanywa. Kisha akauliza habari ya kesi ya majirani wawili waliogombania tuta moja la kabichi, kesi iliyokuwa imelala kabatini miaka mitatu. Kaoneka akafungua kinywa kueleza, na Hoza, sijui alipata wapi ujasiri ule, akagonga mara tatu. Kaoneka akachukua kofia, akawachukua wale majirani waliokuwa wakingoja barazani, akamchukua na mkaguzi, wakapanda mlimani kuutembea mpaka wenyewe. Saa saba walirudi na viatu vya matope na kesi imekwisha. Lile jambo lilikuwa limemnyima usingizi miaka mitatu akiwa kitini, na kwa miguu lilimchukua asubuhi moja. Siku hiyo alilala, alituambia kesho yake, mpaka mkewe akamwamsha kuona kama yu hai.

Vidonge alimeza vilevile, nisije nikawapotosha. Na mgongo haukupona kwa wiki moja. Ila mwezi ulipokwisha, miguu yake iliingia kwenye viatu mchana kama ilivyoingia asubuhi, na mimi sikuchaniwa barua tena. Alikwenda hospitali kwa njia ya miguu. Daktari Luvanda alimpima mara mbili kwa kuwa hakukiamini kipimo cha kwanza. Damu ilikuwa imeshuka. Akaichana mbele yake karatasi ya kumstaafisha aliyokwisha kuiandika, na Kaoneka akaniletea vipande vyake kwenye bahasha. "Nambua," akasema, "leo mimi nimekulipa ile barua yako." Nililia tena, ila safari hii sikwenda chooni.

Wiki hiyo hiyo tulimwaga Mzee Hoza. Nilikuwa nimempigia Kaoneka chapa hotuba ya kurasa mbili, bila kosa hata la mkato. Alisimama nayo, akaitazama, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema tu, "Ndugu zangu, mpiga kengele huzeeka kabla ya tarishi. Mimi nilikwisha kuzeeka, nikapishwa benchi na mtu aliyenizidi umri. Mzee huyu amenirudisha." Akakaa. Sisemi akakaa sana. Akainuka tena kugawa soda.

Zawadi ya Hoza ilikuwa ile kengele. Nilidhani ataiweka kabatini kama kumbukumbu. Mwezi mmoja baadaye nilipita kwake, sikumkuta. Nikasikia shaba inalia juu kabisa mlimani. Alikuwa ameng'oa mpini, akaifunga shingoni mwa beberu wake mkorofi, na yeye yuko nyuma yake na fimbo, anapanda.

"Mzee Hoza, si umestaafu?" nikampigia kelele.

"Nitastaafu vipi, Nambua," akajibu kutoka juu, "na kengele bado inaniita?"

Kaoneka alifanya kazi miaka kumi na minne zaidi, mpaka umri wake ulipotimia kwa haki. Mezani kwake haikuwekwa kengele tena. Na Jumamosi nyingi watu waliwaona wawili mlimani nyuma ya beberu yule.

Sasa Ramla, hiyo simu yako ni kengele tu, imevalishwa kioo. Kalamu iko pale kwa Heri. Usimwite. Inuka uifuate mwenyewe, na ukifika umsalimie, umuulize mama yake anaendeleaje, maana nasikia anaumwa na wewe unayekaa naye chumba kimoja hukujua. Nenda, mjukuu wangu. Mpiga kengele huzeeka kabla ya tarishi.