Chungu cha Nje ya Kamba

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilikuwepo, chaji ndiyo haikuwepo, Daktari Msuguri, mwalimu wa akiolojia, aliwapeleka wanafunzi watatu kuchimba shambani kwa Bibi Kalunde, huko Sikonge. Bibi akafunga kamba. "Chimbeni humu ndani. Nje ya kamba, hapana." Wote wakaahidi.

Daktari akawaambia wanafunzi, "Nafasi ya kazi makumbusho ni moja." Urafiki ukaishia hapo.

Lusajo alikwangua udongo kwa mwiko huku anaguna. Nyamizi kila asubuhi alichora kuta za shimo, tabaka kwa tabaka, hata ukimsemesha hajibu. Chausiku shimoni haonekani! Yuko jikoni kwa Bibi, anamenya mihogo na kupiga soga. Akiulizwa, "Nafanya utafiti." Utafiti gani huo wenye kitoweo?

Siku moja uvumilivu ukamshinda Lusajo. Akashika jembe, akavuka kamba, akang'oa chungu kizima kama anang'oa muhogo, bila kupima kilikaa wapi.

Daktari akashika kichwa. "Sasa hicho ni cha kupikia maharage tu! Umri wake tutaujuaje?"

Nyamizi akautazama udongo ulioganda kwenye chungu, akafungua michoro yake. "Udongo huu wenye majivu uko tabaka moja tu, la chini kabisa, yaani la kale kuliko yote. Kilikaa humo."

Daktari hajamaliza kushukuru, ukoo wa Bibi huo, na marungu. Chungu kilikuwa cha matambiko! Chausiku akapiga magoti. "Shikamooni wazee wangu. Bibi, nisamehe mimi mjukuu wako." Bibi akalainika: kipimwe, kichorwe, kirudishwe ardhini. Marungu yakashushwa.

Basi ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngekuwa mnachekecha vumbi," akasema Lusajo.

"Bila mimi ungekuwa na sufuria ya udongo," akajibu Nyamizi.

"Bila mimi mngerudi na manundu," akasema Chausiku.

Lusajo akamgeukia Nyamizi. "Uliniona navuka kamba. Mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka uharibu, nikupite." Wala hakuona haya.

"Na wewe Chausiku," Lusajo akaendelea, "ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"

Chausiku akainama. "Bibi aliniambia kilipo tangu siku ya kwanza. Nikamwahidi sitasema."

Daktari akaruka. "Ulijua, ukatuficha?"

"Siri ya Bibi si mali ya chuo, mwalimu."

Mpaka leo Daktari anajikuna kichwa, na kiti makumbusho kiko kitupu. Haya, ninyi mnaocheka: aliyekipata kwa kuvunja ahadi ya wote, aliyekipa umri baada ya kumwacha mwenzake akosee, au aliyekijua akafunga mdomo? Nani akikalie kiti kile?