Sahani Tatu za Kwanza

Kulikuwa na binti mmoja, ndugu zangu, aliyesomea uhandisi wa kilimo katika chuo cha huko milimani, kunakonyesha karibu kila siku. Kila mwanafunzi alipewa magunia mawili ya mahindi mabichi, aunde kikaushio chake, apime unyevu wa punje asubuhi na jioni, aandike daftarini. Mahindi yasipokauka sawasawa huingia sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha, na hata uipike kutwa nzima haitoki. Inakula ini la mtu polepole.

Kikaushio cha binti kilisifiwa na wote. Lakini mvua ikakaza siku nne, kibanda cha kikaushio kiko mbali, blanketi tamu. Akabaki bwenini, akajaza namba za kichwani. Nani angejua?

Sasa, mwalimu wao alikuwa na desturi yake. Siku ya mahafali, wazazi hupikiwa ugali wa mahindi ya wanafunzi, kila sufuria na jina la mwenyewe. Ikanyanyuliwa sufuria yenye jina lake. Sahani ya kwanza ikaenda kwa mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee akaanza kutafuna. Binti akatazama chini. Ya pili ikaenda kwa mama mjamzito. Ya tatu kwa baba aliyempakata mwanawe. Hofu ilimshika, mdomo haukufunguka. Mnaijua hofu hiyo? Mtu anaogopa kuaibika kuliko anavyoogopa kuua.

Sahani ya nne akapewa mama yake. Mama akanawa, akamega tonge.

"Mama, usile," binti akasema, akamshika mkono. "Sikupima. Zile namba nilizitunga."

Mwalimu akasogea taratibu.

"Kula tu, mama," akasema. "Haya ni mahindi ya shambani kwangu. Ya binti yako niliyafukia mwezi uliopita. Siku nne zile kipimo chake cha unyevu kilikuwa kwangu, kimeharibika."

Binti akashusha pumzi, akaanza kushukuru. Mwalimu akamkatiza.

"Zile sahani tatu za kwanza, mwanangu, ulidhani zinaliwa na nani?"

Ndugu zangu, tusimcheke. Sisi tunaotia maji kwenye maziwa, wanetu tunawapa yale? Sisi tunaopulizia nyanya dawa jana na kuzipeleka sokoni leo, si tuna tuta letu pembeni ambalo hatukulipulizia? Mnainamisha vichwa kwa sababu tuta hilo mnalijua.

Mungu hatatuuliza habari za sahani ya mama. Hiyo hata mwizi ataizuia. Atatuuliza za yule mzee, na yule mjamzito, na yule mtoto aliyepakatwa. Nami naogopa, ndugu zangu, naogopa kweli, maana mahindi yetu sisi hakuna aliyeyafukia. Yameshaliwa.