Soya Yenye Madoa

Aliyetuambia kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili hakuwa mtu wa kupata kila alichotaka. Alijua kwamba hasara ikishabisha hodi, mwenye busara huiombea iwe ndogo. Persis wa Nyaramba aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakuwahi kuipenda. Yeye alitaka vitu visivyo na doa.

Mwaka huo wa 1949 alikuwa na sababu. Mwanawe Nyamweya alipoachishwa ziwa alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Uji wa wimbi uliotiwa unga wa soya ndio uliomrudisha duniani. Sasa unga ulikuwa ukiisha, na baba mtoto alikuwa kibarua huko Kericho. Basi Persis alipanda soya vipande viwili: kimoja kwa mbegu mpya aliyopewa na Bwana Shamba, Otiende, na kingine kwa mbegu mchanganyiko ya mavyaa wake, Mong'ina.

Mbegu mpya ilimea ikapendeza macho. Ile ya mavyaa iliota madoa ya kahawia, majani ya chini yakaanza kupukutika. Otiende alipoiona alishika kiuno.

"Mama Nyamweya, ng'oa hii yote uichome. Itaambukiza ile nzuri."

Persis akaita risaga, wale akina mama jirani waliolimiana mashamba kwa zamu, waje wamsaidie kuing'oa. Walikuja asubuhi, wakanywa uji hadi chungu kikakauka. Persis aliinamia mche wa kwanza, akapasua ganda lake kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje ndogo, lakini ngumu. Akapasua jingine. Punje tena!

"Inaugua, mwanangu, lakini inazaa," alisema Mong'ina.

"Na ikiambukiza ile nyingine, mama?"

"Hilo silijui."

Persis aliogopa kweli kweli. Akiing'oa, anatupa chakula cha mtoto. Akiiacha, huenda akapoteza vyote. Na risaga ikishakunywa uji wako, huwezi kuirudisha nyumbani bila kuipa kazi. Utasemwa hadi kaburini.

"Basi tupalilieni," alisema kwa sauti ndogo.

Wanawake walicheka wakashika mbavu. "Persis anapalilia wagonjwa!" Lakini walipalilia.

Mvua zilipozidi, ugonjwa uliingia kwenye mbegu mpya. Kabla maganda hayajajaa, majani yote yalikuwa chini, na mashina yamesimama uchi kama fito za ua bovu. Persis aliketi kwenye tuta akalia, akijiona ndiye aliyeleta balaa.

Otiende alipofika, alivua kofia. "Usijilaumu, mama. Ugonjwa huu umekuja na upepo. Mbegu hii mpya imekwisha hadi kule Ekerenyo, hata kwa wasio na mche wenye madoa. Ilikuwa na kufuli moja tu; ugonjwa umepata ufunguo, umekomba nyumba nzima. Ile ya mavyaa wako imerithi vizuizi vidogo vingi, hiki kwa mzazi huyu, kile kwa yule. Ugonjwa unaingia, lakini unajikwaa kila hatua. Nami nilikwambia uing'oe!"

Mong'ina ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote.

Walipopura ile yenye madoa, kapu lilifika nusu. Persis alitenga mbegu, akasaga zilizobaki. Nyamweya alikunywa uji, akagonga bakuli akidai mwingine. Mama yake alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu masika, akammiminia huku machozi ya furaha yakimtoka. Kapu halikujaa, lakini mtoto alishiba: hakika, heri nusu shari kuliko shari kamili.